Linus Makokha na Dekio Lililojua Treni Iendako

Tarehe 30 Juni 2017 Bwana Linus Makokha anavua fulana ya kijani ya kampuni yetu ya usafi, baada ya kuivaa miaka ishirini na mmoja. Alikuja Dubai mwaka 1996 kutoka Bungoma akiwa na nywele. Anaondoka na afya yake, na meno yake yote isipokuwa mawili, na heshima ya watu ambao wengi wao hawalijui hata jina lake la pili.

Nimeombwa mimi nitoe wasifu wake kwa sababu nimemtilia chai miaka kumi na saba, na mtu humjui mpaka umjue anavyokunywa chai. Linus hunywa polepole, haachi tone, na kikombe hukirudisha mwenyewe. Wakubwa wengine wa hapa wanaosoma karatasi hii wajitazame. Mimi sikwenda skuli. Ninasema, Betty wa ofisini anaandika, na nimemkataza kupamba.

Alianza kwa kuosha mabasi, akapandishwa akasafisha vioo vya maofisi, na mwaka 2009 treni ilipoanza kupita chini ya ardhi akapelekwa kwenye stesheni yetu, huku Deira karibu na Al Muraqqabat. Siku ya kwanza alielezwa kwamba treni hii haina dereva. Linus akafikiri, akauliza basi abiria akichelewa humwomba nani asubiri. Msimamizi wa siku zile alimpa ndoo, na swali lipo mpaka leo.

Kanuni ya stesheni ilikuwa moja: msafishaji asafishe, na abiria aelekezwe na spika. Kanuni nzuri, ila spika yenyewe ilikuwa mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na mwanamke aliyesema kwa lugha mbili kama mtu aliyejaza tende mdomoni na kuingia ndani ya tangi la maji. Na hata ukimfahamu, alilotaja ni kituo cha mwisho tu, na ubao wa maandishi hivyo hivyo. Sasa nani kati yetu anakwenda mwisho wa reli? Huko hakuna kitu, kuna mchanga na uzio. Tena hicho kituo cha mwisho jina lake lilikuwa likiuzwa kwa makampuni. Kililala kikiitwa benki, kikaamka kinaitwa simu, na mwaka uliofuata kikawa rangi za nyumba. Mtu akienda likizo miezi miwili, akirudi reli ni ileile na hajui inakwenda wapi.

Watu wetu wamezoea kuitwa. Kwao, chombo kinachokwenda mahali hutaja mahali, tena kwa sauti. Kwa hiyo walisimama jukwaani wakingoja waitwe. Wasichana wa kazi za ndani kutoka Singida, walinzi kutoka Kitui na Nyeri, wafua nguo, wapishi, wote walisimama na mikoba yao wakiziacha treni saba, nane, zipite, kwa sababu hapana hata moja iliyotaja kwao. Wakifika kazini wamechelewa, madamu wanauliza walikuwa wapi, nao wanajibu ukweli kwamba walikuwa stesheni. Ukweli huo haukumwokoa mtu. Na mimi, ambaye ubao wa maandishi kwangu ni pambo la ukuta, nilipelekwa mwisho wa reli mara tatu na kapu la maandazi. Mara ya tatu walinzi wa kule walikuwa wananingoja na chai.

Linus hakuweza kuyatazama hayo. Akawa anawaambia watu: wewe panda hii, wewe ngoja ile. Mwaka 2012 akaandikiwa barua ya kwanza ya onyo, kwa kosa la kuongea na abiria bila kibali. Kanuni ya barua mnaijua, lakini wageni wetu wa leo hawaijui: barua ya tatu ni kufutiwa viza na kutiwa ndani ya ndege. Linus alikuwa na watoto wawili chuoni na miaka mitano tu kufika kustaafu. Akaisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akafunga mdomo.

Akafungua dekio.

Jukwaa letu ni moja, lipo katikati, na treni hupita pande zote mbili. Wakati ule walikuwa wakitengeneza reli, kwa hiyo treni zikawa zinabadilishana pande: leo ya kwenda kazini iko kulia, kesho iko kushoto, na mwanamke wa tende ndiye aliyepewa kazi ya kutueleza. Linus alifika alfajiri, akawauliza mafundi wa reli waliokuwa wakitoka zamu, kisha akaenda kusimama chini ya ngazi za umeme akiwaelekea watu wanaoshuka. Dekio likiwa kwenye bega lake la kulia, treni ya kazini ni upande huo. Likihamia la kushoto, na treni imehamia. Mmoja alimwambia mwenzake, naye akamwambia wa chumbani kwake, na Deira ni vyumba. Katika mwezi mmoja hapana mtu wetu aliyekuwa akiisikiliza spika. Wahindi nao wakajua, na Wafilipino, na Mzungu mmoja mwenye mkoba wa ngozi ambaye kila asubuhi alimwinamia Linus kichwa kama anapita mbele ya balozi.

Wenye treni wakafanya hesabu zao, wakaona katika stesheni zote yetu ndiyo yenye abiria wachache waliopotea. Wakakaa, wakatafuta sababu, wakaipata. Wakaipa spika cheti. Wallahi sitanii. Walikuja na keki, wakapiga picha chini ya spika, na cheti kikatiwa kwenye fremu ya dhahabu kikatundikwa ukutani ofisini juu. Kila Alhamisi Linus alikipangusa vumbi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kila mtu hapa anaisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo, na chupa zangu mbili za chai.

Ilikuwa Machi 2014. Asubuhi hiyo Linus aliitwa ofisini juu kupewa barua ya pili. Kosa lililoandikwa humo, na Betty amenisomea mara tatu nikidhani ananichezea, ni kushika dekio kwa namna yenye maana. Mahali pake chini ya ngazi pakawekwa Umaru, Mganda wa Jinja, kijana mzuri, mchapakazi, ana mwezi mmoja Dubai. Umaru hakujua habari ya dekio, maana kila mtu alidhani kila mtu anajua. Na Umaru ni mtu wa shoto. Akasimama pale na dekio lake bega la kushoto, kama Mungu alivyomuumba, akitabasamu.

Siku hiyo treni ya kazini ilikuwa kulia.

Walinzi wa zamu ya asubuhi wakashuka, wakatazama dekio, wakapanda. Wasichana wakashuka, wakatazama dekio, wakapanda. Treni nne zimejaa, watu wamekaa kwa amani ya mtu aliyeelekezwa, na wote wanapelekwa kinyume na riziki zao. Baada ya nusu saa wakaanza kurudi wakiwa na moto. Mlinzi mmoja Mkenya alimwambia Umaru kwamba angekuwa rubani wangetua baharini. Umaru, maskini, akadhani tatizo ni sakafu kuteleza, akazidi kudeki, na kila akideki dekio linakwenda huku na huku, na umati unakwenda huku na huku nalo.

Kisha ikaja hali mbaya zaidi, watu wakaacha kuamini kitu chochote. Treni inakuja kulia, hawapandi. Inakuja kushoto, hawapandi. Jukwaa likajaa mpaka ngazini, na juu yao mwanamke wa tende anaendelea.

Kati yao alikuwepo Leah, msichana wa Iramba, mfanyakazi wa ndani. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya karatasi zake, na saa nne alitakiwa awe amefika kupimwa afya, asipofika arudishwe kwao. Alikwisha kupelekwa mwisho wa reli na kurudishwa. Hakulia. Alikuwa amekumbatia bahasha yake ya kaki kifuani, akiwauliza watu upande, na kila aliyemuuliza alimwonyesha upande wake.

Linus akashuka kutoka ofisini na barua ya pili ingali mkononi. Leah akamwona, akamshika mkono wa fulana, akamwambia saa ile na siku ile na karatasi ile. Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na Betty sasa. Nilimwona Linus anaitazama barua, anamtazama yule msichana, anautazama umati. Nikamwambia, mdogo wangu, una watoto chuoni. Akaniambia, "Najua, Bi Hilwa. Na huyu ni wa nani?"

Kibanda cha kipaza sauti kilikuwa wazi, mwenyewe amekwenda kuita polisi. Linus akaingia, akambonyeza mwanamke wa tende akanyamaza, akasema kwa sauti yake ya Bungoma, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwake:

"Wa kazini, treni yenu ni upande wenye picha ya mchele. Upande wenye picha ya yule mama wa manukato ni wa kurudi nyumbani. Leah, mwanangu, ingia sasa hivi, mlango ulio mbele yako. Umaru, weka dekio chini."

Kisha akayarudia kwa Kihindi cha kubabaisha na Kiarabu cha sokoni, na akamaliza na yalla, yaani twendeni. Jukwaa likawa tupu kwa treni tatu. Leah alifika saa nne kasorobo. Spika ni ileile mbovu. Tofauti ni kwamba safari hii mle ndani mlikuwa na mtu anayewataka watu wafike.

Siku ya tatu yake wakaja maofisa wawili wa wenye treni kumwandikia barua ya tatu. Walikaa ofisini juu na msimamizi wetu Bwana Soud, na Linus amesimamishwa mlangoni, amevaa shati lake la kanisani. Chai niliingiza mimi, na kwa kuwa hapana aliyeniambia nitoke, sikutoka. Maofisa walieleza kanuni kwa adabu. Mmoja alikwisha kutoa kalamu. Bwana Soud ni mtoto wa watu wa Malindi ya Unguja, hana haraka. Aliwaacha wamalize, akawaonyesha kile cheti ukutani, akasema:

"Jamaa zangu, hili neno lataka uamuzi wenu. Mkiandika kwamba watu wote wale walimfahamu Linus, basi mnaandika kwamba msafishaji kaishinda mashine yenu yenye cheti. Mkiandika kwamba hawakumfahamu, basi hakuna alichotangaza, na kosa hakuna. Na mkiandika kwamba waliifuata mashine, itabidi mtueleze mbona saa nzima walikuwa wamesimama. Chagueni, nami natia saini lolote."

Maofisa wakatazamana. Wakaomba chai nyengine. Nikawatilia, tena ya maziwa, ingawa siku ile hawakuistahili. Mwenye kalamu aliifunika, akaifungua, akaifunika. Mwishowe wakasema suala hili litatazamwa na kamati. Anayeujua mji huu anajua maana yake ni khalas, yamekwisha. Kamati haijakaa mpaka leo, nami naiombea isikae.

Linus alitoka mlangoni pale akaenda kudeki. Hakushangilia. Ila nilimpa chai ya tangawizi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuimaliza.

Miaka mitatu iliyobaki aliifanya bila barua. Alimfundisha Umaru kudeki kwa mkono wa kulia, kazi iliyochukua miezi minne na ndoo mbili. Mwaka jana wenye treni walibadilisha spika. Hii mpya inasikika vizuri na vituo vyote inavitaja. Tunawashukuru, ingawa imewachukua muda mrefu kuliko kuchimba hilo shimo. Leah sasa ni mkubwa wa zamu katika duka moja la udobi hapa Deira, na leo amekuja na wenzake wanane, wamefika mapema kuliko wakubwa.

Kasoro zake nizitaje, maana msifiwa asiye na kasoro ni maiti. Linus ni mbishi wa mpira, hukoroma kwenye basi la wafanyakazi, na ugali wangu aliwahi kuuita uji mbele za watu. Nimemsamehe mawili ya kwanza.

Ewe Linus, tunakushukuru kwa sakafu, na kwa wale waliofika kazini wasijue nani aliyewafikisha. Watu wengi katika mji huu tumewasindikiza uwanja wa ndege kwa kufukuzwa, wakiwa na sanduku moja na macho mekundu, wakituomba tusiwaambie kwao sababu. Wewe ulitembea miaka mitatu ukingoni mwa safari hiyo kwa ajili ya mtoto asiye wako. Leo unaondoka kwa sherehe, watoto wako wote wawili wamehitimu, na mkeo Terry anakungoja Bungoma akijua siku na saa. Nenda kwa mkeo mchana kweupe. Mungu akupe uzee mtamu, magoti yasiyouma na usingizi usiokatizwa na kengele ya mtu. Na ukifika, tupigie simu. Usipopiga nitapiga mimi, na unanijua.

Bi Hilwa, jikoni
Kwa niaba ya wafanyakazi wote