Maana ya Samawati

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limejaa tangu asubuhi, birika la kahawa likipita mkono kwa mkono, na siku hiyo katikati yao alikaa Mama Kichanga, binti wa nyumba ya nyuma, mtoto wa wiki tatu kifuani, roho juu juu. Mama mkwe alikuwa njiani, tena alishasema kwenye simu kwamba jina lisilo na maana atalifuta, mtoto aitwe kwa jina lake yeye bibi. Mume yuko safarini na lori, wa kumtetea hakuna.

— Nisaidieni jamani, anafika sasa hivi, akiniuliza jina la mtoto, Samawati, maana yake nini nimjibu nini, mimi nikimwona tu ulimi unaganda!

— Tulia, shemeji, alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Samawati ni rangi ya mbingu. Neno zito hilo.

— Mbingu gani? Fundi Rangi alinyoosha mguu wa suruali yenye madoa. Samawati hii hapa, gotini. Nilipaka choo cha stendi.

— Mungu wangu, mwanangu ana jina la choo!

— Choo cha kulipia, shemeji. Heshima ipo.

Kinyozi alizima mashine, mteja kanyolewa nusu kichwa.

— Mwambie hivi: zamani mbingu ilikuwa nyeupe pe. Binti wa mfalme akaifua, akazidisha nili ya kufulia.

— Aliifikiaje? aliuliza Mama Kichanga.

— Kwa ngazi.

— Ngazi ya nani?

— Ya Fundi Rangi, na hajarudishiwa mpaka leo!

— Ongezea, alidakia Profesa, mwenye jina hilo hanyeshewi na mvua.

Mama Kichanga alikuwa anakariri, midomo ikicheza, nili, ngazi, mvua, tena kaanza kuchanganya.

— Sasa mvua ilikuja kabla ya kufua au...

— Hodi hapo.

Mama mkwe alikuwa amesimama na begi lake begani. Benchi lililojaa likapata nafasi ghafla.

— Shikamoo mama, Profesa alijikohoza. Kihistoria, jina la mtoto...

— Marahaba. Historia baadaye. Akamgeukia mkwewe. Siku ile unajifungua, nani alikushika mkono?

Kinyozi akapuliza mashine isiyo na nywele. Fundi Rangi akakuna goti.

— Hakuna, mama. Mkunga alikuwa chumba cha pili, mimi nikashika nondo za dirisha, niliogopa mama, niliona nikifumba macho nakufa, basi nikakazana kutazama nje, kunapambazuka, mbingu yote samawati, nikaikodolea macho hivyohivyo mpaka nikamsikia mtoto analia.

Mama mkwe alishusha begi, akakaa karibu yake mpaka mabega yakagusana, akanyoosha mikono.

— Nipe Samawati nimbebe, alisema. Na wewe niegemee.