Mama Duara Anastaafu, Bwana Harusi Habanduki

Farasi hauzwi! Meneja ametamka mwenyewe juzi, mbele ya watu, kwamba Bwana Harusi anabaki bandani kwetu. Sasa ndiyo naweza kuwasalimu: hamjambo wafanyakazi wenzangu, nanyi wazazi wa wanafunzi mnaosoma jarida hili.

Ile habari nyingine mnaijua. Tarehe thelathini mwezi huu mkufunzi wetu mkuu wa farasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika shule hii ya kupanda farasi. Wanafunzi humwita Mama Duara. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nashona na kufua vitambaa vya chini ya matandiko ya farasi hapa hapa shuleni, na kwa sababu nilimzaa. Meneja alinisihi nisimsifu kupita kiasi. Nitajitahidi, ingawa mtoto mwenyewe hanisaidii.

Alianza kwa kuzoa samadi. Siku moja mkufunzi wa wakati ule alimkuta akimtoa bandani farasi mkaidi ambaye wanaume wawili walikuwa wamemshindwa. Hakuvuta kamba, alimzungusha taratibu mpaka farasi akajikuta yuko nje.

“Binti, nani kakufundisha?”

“Hakuna, mzee. Nikimvuta ananivuta, na yeye ni mzito kuliko mimi.”

Hajashika koleo tena tangu hapo.

Kazi yake imekuwa kuwaandaa farasi kwa mashindano ya madaha. Kwa wasioyajua: humo farasi hashindani mbio wala haruki viunzi. Anatembea, anazunguka, anasimama, kwa utulivu, huku waamuzi wakimkodolea macho kama wakwe wanaomkagua mchumba. Kabati la vikombe pale ofisini limejaa kwa sababu yake. Vitambaa walivyovaa farasi siku hizo nilivishona mimi, lakini hayo si ya leo.

Jina la Mama Duara lilitokana na tiba zake. Farasi mgumu kupinda kushoto? Duara kubwa, kisha linapunguzwa pole pole kama gamba la konokono, kisha linapanuliwa tena. Farasi ana haraka? Miti inalazwa chini, aipite mmoja mmoja akiangalia kwato zake. Anaegemea hatamu? Atembee, asimame, aende mchakamchaka, arudi kutembea, mpaka mkono wa mpandaji ukose kazi. Zoezi analolipenda zaidi ni lile la kwenda kando ya ukuta, mabega ya farasi yameingia ndani kidogo na miguu ya nyuma imebaki njiani. Mwanafunzi mmoja, daktari wa meno, aliwahi kuchoka.

“Mama Duara, wiki ya tatu hii tunazunguka! Nitaanguka kwa kizunguzungu.”

“Farasi hajalalamika, daktari. Kaza tumbo, legeza mkono.”

Leo daktari huyo ana kikombe sebuleni na anawaambia wagonjwa habari zake wakiwa wamefumbua midomo, hawawezi kumkatiza.

Sasa Bwana Harusi. Tulimpa jina hilo kwa sababu anatembea kama mtu anayejua kuwa anatazamwa. Alifika akiwa na shingo kama gogo, Mama Duara akamfanya farasi bora wa shule. Tatizo likawa moja: akipandwa na mtu mwingine, anasimama katikati ya uwanja kama kabati. Meneja akasema farasi wa mtu mmoja hatumiki mtu huyo akishaondoka, kwa hiyo atauzwa.

Jibu lilikuja na mafua. Mama Duara alikauka sauti, akampanda Bwana Harusi kama kawaida, na farasi akamgomea hata yeye! Kumbe miaka yote hiyo Mama Duara alikuwa akiimba kooni kwa mvumo, midomo imefungwa, bila kujijua, chini kwa kutembea, juu kwa mchakamchaka. Farasi alikuwa anafuata mvumo. Ishara za miguu ya mpandaji na za hatamu alikuwa amezipuuza zamani.

Alikuja jikoni kwangu, chai ikapoa mbele yake.

“Mama, nimemharibu. Watamuuza kwa sababu yangu.”

“Hujamharibu. Umemfundisha lugha moja tu. Mfundishe ya pili.”

Ndiyo maana miezi hii mlimwona amebana unyasi midomoni, mkadhani ni uzee. Alikuwa anauziba ule mvumo. Alirudi mwanzo kabisa: kutembea, kusimama, duara, kwa mguu na kiuno peke yake. Farasi alinuna, kisha akaanza kusikiliza. Baadaye akamkabidhi mwalimu wa madarasa ya jioni ampande, yeye akasimama langoni, kimya.

Juzi meneja alikuja kuamua. Mwalimu wa jioni alipita duara vizuri, na ukutani mabega yaliingia ndani kama yalivyotakiwa. Kwenye kona ya mwisho Bwana Harusi akasimama, akageuza sikio upande wa lango, aliposimama Mama Duara. Mwanangu akampa mgongo, akaondoka, akapotelea nyuma ya ghala. Mwalimu akabana mguu taratibu. Farasi akavuta pumzi, akaenda.

“Basi,” meneja akasema. “Anabaki.”

Nilimkuta binti yangu amekaa juu ya gunia la pumba. Nilipomwambia, alifuta macho, kisha akauliza, “Ile kona alipinda vizuri?”

Mwanangu, kwa niaba ya shule nzima, ahsante. Upumzike, ulale mpaka jua likukute kitandani, na afya isikupungukie.

Nanyi wengine, msiniletee visingizio vya kukosa kumuaga. Mwalimu wa jioni atampanda Bwana Harusi mbele yetu sote, na Mama Duara atakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, karibu kiasi cha kusikika, naye farasi hatamhitaji. Hilo ndilo alilolifanyia kazi. Tunawasubiri wote uwanjani Jumamosi, tarehe thelathini, saa tisa alasiri.