Vitabu vya Bata Vimekwisha

Mgeni rasmi, Mang Honorio Dimaculangan, Mwenyekiti wa Wafugaji wa Bata wa San Telmo. Wasomaji wetu wapendwa. Na wewe mama uliyeingia kukwepa mvua: karibuni sana. Leo tuna furaha hadi tumesahau kuwaambia watu wanyamaze.

HISTORIA FUPI

Maktaba yetu ilianzia kwenye ghala la mpunga nyuma ya kanisa. Paka walitutangulia, na bado wapo.

MAFANIKIO

Feni zote mbili zinazunguka. Tena tunaye Aling Perlita, anayewasomea risala hii kwa sauti yake tamu. Kazi yake ni kumshauri kila aingiaye asome nini, na ni nadra akosee.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kushauri vitabu ni kazi ngumu kwa sababu watu hawasemi wanachokitaka. Bibi mmoja aliomba hadithi isiyo na kifo. Tukampa, akairudisha amenuna: "Kitabu gani hiki, hata mama mkwe hafi?" Mume mmoja naye aliomba kitabu cha kumpunguzia mkewe hasira. Kesho yake akaja mke, kitabu mkononi, anauliza nani kakichagua. Tulimwonyesha mlinzi.

Lakini changamoto kubwa ni hii inayofuata. Aling Perlita, tafadhali usiruke. Ukurasa huu tuliuandika ulipokuwa saluni, na Rodel mlinzi ana nakala yake na kipaza sauti cha pili.

Kuna mfugaji mmoja, mgane, ambaye kila Jumatano huja ananukia sabuni. "Aling Perlita, leo una kitabu gani cha bata?" Naye humpa: magonjwa ya bata, mabanda ya bata, chakula cha bata. Mtu kafuga bata tangu utotoni! Mwezi uliopita vikaisha, nasi tukatega masikio.

"Vimekwisha, Mang Honorio. Jaribu ofisi ya kilimo, wanavyo tele."

"Ofisi ya kilimo?"

"Ndiyo. Wana hadi vyenye picha."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Jumatano iliyofuata hakuja. Aling Perlita alishinda akipanga upya rafu ya mifugo huku macho yake yakiwa mlangoni, na tulipomuuliza akasema ni vumbi. Mganga hajigangi, Mgeni rasmi. Tuliumia sana kumwona vile, ndipo tukakualika.

MAOMBI

Paa linavuja, lakini litasubiri. Tunaomba jambo moja tu: utakaposimama kujibu, usituhutubie habari za bata. Mgeukie msomaji wa risala hii, umwambie ulichokuwa unakitafuta hapa siku zote. Nawe Aling Perlita, safari hii usimwelekeze kwingine.

Mungu akulinde, Mgeni rasmi, ayazidishe mayai yako, na akupe ujasiri kabla hujafika kwenye kipaza sauti.

Ni sisi, wafanyakazi wa Maktaba ya Mji wa San Telmo, wote isipokuwa mmoja, ambaye kama ameufikia mstari huu bila kukimbia, basi amekubali.