Kadi ya Mwaka na Shingo ya Twiga

Benchi la Restuta, muuza kahawa wa Chapwa karibu na mpaka wa Tunduma, halikutengenezwa na fundi. Ni ubao wa tela lililokufa ajalini, umelazwa juu ya rimu mbili za lori, na aliye mwisho akiinuka ghafla, mwenzake wa upande wa pili anakwenda chini na kikombe chake. Mbele ya benchi, foleni ya malori ya Zambia na Kongo ilikuwa imelala barabarani tangu Alhamisi. Nyuma yake, ng'ambo ya mtaro, kuna bustani mpya ya michezo yenye bembea za umeme na treni ya watoto, na kibao chake kimevuka barabara nzima. Kahawa ni ya Mbozi, chungu hasa. Maneno ni bure, ndiyo maana huwa mengi kuliko kahawa. Jumamosi ile asubuhi benchi lilikuwa na wenyewe watatu. Gasper, anayekimbiza makaratasi ya mizigo mpakani, ndiye Manifesti. Lusubilo, mbadilisha fedha, ndiye Kwacha. Na Yonasi, dereva, ambaye nyumba yake iko hapohapo Chapwa, dakika kumi kwa miguu, wanamwita Lubumbashi, kwa kuwa huko ndiko anakoonekana zaidi kuliko kwake.

Yonasi alikuwa na kikaratasi cha bustani mkononi. Alikuwa amekikunja na kukikunjua mpaka kimeanza kuchanika.

— Hebu kisome tena, Manifesti.

— Nimekisoma mara tatu, Gasper alisema, lakini akakichukua, maana hakuna kitu anachokipenda kama karatasi. Kuingia siku moja, mtoto, elfu sita. Kadi ya mwaka, elfu themanini. Anaingia siku yoyote, anapanda chochote, mpaka mwaka uishe. Bei hii mwisho leo saa kumi jioni. Kesho ni laki na ishirini.

— Basi nachukua kadi.

— Tulia kwanza, mzee baba. Themanini gawa kwa sita ni kumi na tatu na chenji. Mtoto inabidi aingie mara kumi na nne ndipo kadi ianze kukulipa. Wewe kwa mwaka unakuwa nyumbani siku ngapi?

— Inategemea foleni.

Na huo ndio ulikuwa ukweli wa Mungu. Gari ni la tajiri, na tajiri hajui likizo. Siku za Yonasi za kuwa nyumbani ni zile ambazo mpaka umegoma na malori yamerudi nyuma mpaka Chapwa. Wenzake wakiomba foleni isogee, naye huomba pamoja nao kwa sauti, ila moyoni anaomba vingine. Mwaka huu alishamwahidi binti yake Nesta mara mbili kumpeleka kwenye hizo bembea. Mara zote mbili mtoto alikuwa ameshavaa, soksi miguuni, simu ikalia: gari la mbele limesogea, njoo haraka. Mara ya kwanza Nesta alilia. Mara ya pili alikaa chini, akavua soksi mwenyewe, akazikunja, akaenda kuzirudisha. Kile kilio Yonasi alishakisahau. Zile soksi zilimfuata mpaka Kongo na kurudi naye.

— Ndiyo maana nataka kadi, alisema. Akiwa na kadi, hata nisipokuwepo, nipo.

— Hapo umeniacha kituoni, Restuta alisema huku akipuliza mkaa. Kadi itamsukuma bembea?

— Mama, mwache, Lusubilo alidakia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nunua kadi mtoto asilie.

— Wahenga hawakumaanisha hivyo hata kidogo.

— Walikuambia wewe walimaanisha nini? Ila Lubumbashi, sikiliza. Awe, hapana, usilipe kwa shilingi! Ng'ambo pale kwacha imelala. Unabadilisha leo, unasubiri inyanyuke, unabadilisha tena, ile faida ndiyo inanunua kadi. Hela yako hujaigusa.

— Bei inaisha saa kumi leo.

— Basi inyanyuke kabla ya saa kumi.

Gasper alicheka mpaka ubao ukatikisika.

— Kwacha, unazingua. Tatizo hamjui biashara ya yule bwana mwenye bustani. Mnadhani anauza michezo? Anauza kutokuja! Watu mia wananunua kadi wakiwa na moyo wa Jumamosi. Jumatatu wanarudi kazini, mwezi wa pili wamesahau, mwezi wa tano hata kadi hawajui iko wapi. Wanaokuja ni kumi. Bembea hazichakai, umeme hauliwi, hela ameshapokea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Kwa hiyo mimi niuze kahawa msiyokunywa, Restuta alisema.

— Ungekuwa tajiri, mama. Shida yako unatuletea kweli.

Yonasi alikunywa funda moja. Hilo la watu mia na kumi lilikuwa limemwingia, maana alijua yeye yuko kwenye wale tisini. Akainua macho kutafuta pa kuyaweka, yakatua kwenye kibao cha bustani. Restuta naye akakitazama.

— Kile nacho, siku moja kontena litakuja kukikata kishuke hapa kwenye jiko langu.

— Hakiguswi, Yonasi alisema. Chini ya kibao pana mita nne nukta sita. Mimi na turubai nina nne nukta tatu. Napita na nafasi inabaki.

— Ulipima lini?

— Sipimi. Najua. Dereva asiyejua urefu wa mzigo wake ataujulia darajani.

Wote wakakubali kwa kichwa. Mambo ya malori hakuna anayembishia Lubumbashi. Hata kwenye mizani ya malori kule Mpemba, ekseli inayozidi huwa ameshaitaja kabla mashine haijasema.

— Basi mimi nakupa njia ya kitaalamu, Gasper alirudi. Kuna mzigo wa kuingia nchini na kuna mzigo wa kupita. Wa kupita hautozwi, kwa sababu hautumiki humu. Sasa Nesta anaingia geti la mbele, anatangaza kwamba anapita tu, anatokea geti la nyuma. Hapo katikati akiteleza kwenye bembea moja mbili, ni bahati mbaya njiani.

— Na wakimkamata?

— Tunakata rufaa.

— Hamna kitu hapo, Lusubilo alisema, akasogea mbele na kushusha sauti kana kwamba malori yana masikio. Nyinyi mnaangalia tiketi, mimi naangalia foleni. Kwa nini bustani imejengwa hapa, isijengwe mjini? Kwa sababu hapa ndipo madereva wanapolala. Yule bwana ana mtu wake huko mbele. Akitaka kuuza, foleni inalala. Watu wakishanunua, foleni inasogea, na kadi hazitumiki. Tazameni wenyewe: imelala tangu Alhamisi, na bei inaisha leo. Hiyo ni bahati?

— Kwacha, hiyo ni chai, Restuta alisema. Tena haina hata sukari.

Yonasi alijua ni upuuzi. Hata hivyo akajikuta anahesabu kwa vidole chini ya koti. Mara ya kwanza foleni iliposogea ilikuwa ndiyo Jumamosi bustani inafunguliwa. Mara ya pili ilikuwa sikukuu. Kwa dakika nzima alimchukia yule mwenye bustani ambaye hajawahi hata kumwona, na lazima isemwe, ilimpa raha. Mtu akipata wa kumlaumu, kahawa inashuka vizuri. Kisha akakumbuka kwamba mara zote mbili ni yeye mwenyewe aliyepokea simu na kwenda mbio.

Hapo ndipo alipovuka mtaro msichana mmoja mwenye fulana ya njano ya bustani, chupa ya chai mkononi. Hawakuwahi kumwona benchini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Restuta aliitikia. Unaitwa nani?

— Brenda. Niko getini pale, nakata tiketi. Naomba unijazie chupa, wenzangu wameshikwa na baridi.

Restuta akaanza kumimina. Yonasi aliinuka upesi, na Lusubilo, aliyekaa mwisho mwingine, akashuka na kikombe chake.

— Dada, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Nataka kadi ya mwaka ya binti yangu. Nikulipe hapa au nije getini?

— Ana urefu gani?

— Ana miaka saba.

— Miaka hatuulizi, baba. Tukiuliza miaka, watoto wote wa Tunduma wana minne. Pale getini tumechora twiga. Mtoto ambaye hajafika kwenye mstari wa shingo, mita moja na ishirini, anaingia bure mwaka mzima, kadi haimhusu. Aliyeupita ndiye analipiwa. Wako anaufikia?

Gasper alitazama kikaratasi, akakigeuza nyuma: kweli, yalikuwa yameandikwa kwa maandishi madogo, na yeye alikuwa amesoma upande mmoja mara tatu.

Yonasi alinyoosha mkono kuonyesha, kiganja kimelala, kama anavyoonyesha wapakiaji mzigo uishie wapi.

— We Lubumbashi! Restuta alimkemea. Unapima ng'ombe? Mtu hapimwi kwa kiganja kilicholala, unamkandamiza asikue. Simamisha mkono!

Akausimamisha, vidole juu. Akauweka usawa wa mkanda. Akaupandisha kidogo. Akaushusha. Alijaribu kumwona Nesta amesimama mlangoni, lakini kila alipomwona, mtoto alikuwa amekaa chini anavua soksi. Au amelala, maana mara nyingi huingia mtoto ameshalala, na aliyelala hana urefu.

— Si ulisema hupimi, unajua? Lusubilo alisema, halafu akatamani angeyameza.

— Kwa kawaida mtoto wa miaka saba, kitaalamu...

— Manifesti, funga domo, Restuta alisema.

Kahawa yote iliyobaki ilikuwa imeishia kwenye chupa ya Brenda. Msichana alilipa, akasimama pale bila kujua alichokosea.

— Si lazima ujue, baba, alisema taratibu. Mlete tu asimame kwenye twiga.

Yonasi alitoa mfukoni kamba ya turubai, ile ambayo dereva haachi kuwa nayo. Akakanyaga ncha moja, akaivuta juu mpaka pale moyo wake ulipomwambia, akapiga fundo. Alikuwa bado anaikagua wakati injini ya kwanza iliponguruma huko mbele, ikafuata ya pili, ya tatu, moshi ukatanda barabara nzima.

— Imesogea! Gasper alipiga kelele. Lubumbashi, gari! Wakikupita utaanzia mwisho wa foleni, Mpemba!

Yonasi alikuwa na funguo mkono mmoja na kamba mkono wa pili. Akalitazama lori lake. Kisha akaruka mtaro, akashika njia ya nyumbani.

Honi zilimsindikiza. Alizijua zote: ile ya Mzambia wa nyuma yake, ile ya lori la mafuta, na matusi yaliyomo ndani yake kwa lugha nne. Alitembea tu, hakugeuka, ingawa mgongo ulikuwa unamwasha.

Nesta alikuwa uani anachambua maharage. Mama yake, Ruti, alikuwa ameenda sokoni.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Njoo, mama. Simama hapa, nyooka.

Alikanyaga ncha ya kamba kando ya kisigino cha mtoto, akaivuta. Fundo lilimfika Nesta kidevuni. Yonasi akadhani kamba imejikunja. Akainyoosha, akavuta upya. Kidevuni palepale. Uso mzima ulikuwa umebaki juu ya fundo: mdomo, pua, macho yanayomtazama, na nywele zilizosukwa vizuri na mtu mwingine. Akaona haya, haya kabisa, mbele ya mtoto wake mwenyewe.

Huko barabarani honi zilizidi. Nesta alizisikiliza, akamtazama baba yake, akazitazama funguo.

— Baba, foleni haijasogea?

— Imesogea, Yonasi alisema. Vaa viatu.