Bisi, Mbwa wa Udongoni

Asubuhi ile kijiwe cha Segera, pale kwa fundi pancha karibu na njia panda, kilijaa mapema kuliko siku zote. Mhina muuza kahawa alikuwa bado anapuliza mkaa Ponsiano alipofika, kucha zake zikiwa na udongo mwekundu. Aliketi kwenye ncha ya benchi, akapewa kikombe, akakishika tu bila kunywa. Habari zilishafika kabla yake. Jana alfajiri mbwa wake mdogo, Bisi, alimfuata swila chini ya kitanda cha mkewe, akamkaba shingo, asimwachie mpaka nyoka akafa. Lakini alikuwa ameshang'atwa mdomoni, na kabla ya adhuhuri naye akakata roho. Ponsiano akamzika nyuma ya jiko. Sasa msiba wa mbwa hauna turubai wala matanga, na pale benchini hapakuwa na mtu aliyejua pole yake inasemwaje. Wakafanya wanachokijua: wakabishana.

— Yule hakuwa mbwa wa hivihivi, alianza Filemoni, dereva mstaafu wa malori ambaye wote humwita Tani Saba. Kimo cha ndoo, moyo wa simba! Wanaitwa teria wale. Kwao Uingereza walifugwa kwa ajili ya mbweha. Mbweha akizama shimoni, mbwa wakubwa wanabaki nje wanabweka kama wapiga debe. Teria anamfuata humohumo.

— Acha fiksi, Tani Saba, alidakia Mdoe, anayeitwa Ushahidi pale kijiweni kwa kuwa hudai anao wa kila kitu. Yule kachanganywa na nguchiro. Ushahidi ninao! Mbwa gani mwingine anakaba nyoka shingo? Na ule mkia kigutu je? Walimkata angali mtoto. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani anakatwa mkia akiwa hai? Mhina akauliza.

— Wewe mimina kahawa. Wajerumani hao, nakwambia. Walipokuwa wanajenga reli ya Tanga walimpunguza miguu, kila uzao mfupi kuliko wa mwanzo, mpaka wakapata mbwa wa kupita chini ya reli kunusa maji. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kupunguza ndiyo haba na haba?

— Kibaba cha ufupi!

— Mimi nilisikia kule Hale kwenye mitambo ya umeme wa maji mbwa hao walikuwa wanaingizwa kwenye mabomba, Mhina akasema, birika mkononi. Anaingia huku, anatokea kule, akibweka mara moja, hakuna ufa. Mara mbili, mleteni fundi.

Wakacheka. Kicheko kikafia njiani, wakamtazama Ponsiano.

— Meneja Mzungu wa shamba la mkonge alikuja nao wawili, Ponsiano akasema taratibu. Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala la mkonge. Panya walikuwa wanazalia ndani ya marobota. Yule meneja alimwambia baba, teria maana yake mbwa wa udongoni. Mashamba yalipotaifishwa akarudi kwao. Dume alishakufa, jike akamwachia baba. Tangu hapo wamechanganyika na mbwa wa mitaani, lakini kila uzao haukukosa mmoja mweupe, sikio la kahawia, mbishi, ukimwita yuko shimoni anajifanya kiziwi. Bisi ndiye wa mwisho. Hakuzaa.



Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka Namelok, binti wa wafugaji wa upande wa Handeni anayewauzia maziwa watu wa hapo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mzee Ponsiano, natoka kwako sasa hivi kuacha maziwa. Mama anaita Bisi. Anaita tu. Kwani hajaambiwa?

Tani Saba akageukia barabara. Mdoe akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

— Alisikia purukushani, Ponsiano akasema. Nilikuwa nimemlaza kaelekea ukutani, hakuona. Nikamdanganya, nikasema ni panya.

Akakizungusha kikombe mkononi, akaendelea:

— Tangu kiharusi kimpige, miezi minane sasa, maneno yote yamemtoka. Limebaki hilo moja. Akitaka maji, Bisi. Ubavu ukimuuma, Bisi. Nikimwambia Bisi amekufa, atabaki na neno gani?

Mhina alitembeza birika, hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Silijui hilo, mzee, Namelok akasema kwa upole. Ila anaita na haji mtu. Atadhani amekimbiwa.

Ponsiano akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimgeuza mkewe, Hilaria, taratibu, akamwegemeza kwenye mto, akaketi pembeni yake.

— Mama Denis, nilikudanganya. Hakuwa panya, alikuwa nyoka. Bisi alimuua. Naye amekufa. Nimemzika mwenyewe, nikamfunika na kile kitenge chako cha zamani.

Hilaria alimtazama muda mrefu. Machozi yakatoka macho yote mawili, lakini mdomo haukutoa kitu. Asubuhi ikapita hivyo. Jua lilipofika utosini akakitazama kikombe cha maji juu ya kigoda. Midomo ikajikunja kutaka kusema, kisha akaifunga, akageuza macho pembeni.

Ponsiano aliona. Angeweza kumnywesha tu, yaishe. Lakini siku ile angemnywesha, na kesho, na kesho kutwa, na mkewe angekaa kimya mpaka mwisho.

— Liseme, Mama Denis, akamsihi. Liseme tu. Nitakuja mimi.

Hilaria akakirudia kikombe kwa macho, midomo ikajikunja tena.

— Bisi, akasema hatimaye, kwa sauti nyembamba.

— Labeka, akajibu Ponsiano, mzee wa miaka sitini na nane, akakichukua kikombe.