Haragwe katika Kila Kipande: Maisha ya Mwalimu Rosaline Wangechi

Mwalimu Rosaline Wangechi alizaliwa Nyeri tarehe 11 Machi 1948. Mwaka wa 1964 wazazi wake walihamia Trans-Nzoia, wakanunua shamba karibu na Kachibora, naye akafuata nyuma ya mkokoteni amebeba kuku. Tangu hapo, ukimuuliza kwao ni wapi, alikuonyesha ardhi aliyoikanyaga.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1972, katika Kifaransa na Historia, kisha akapelekwa Lyon, Ufaransa, kwa mwaka mmoja kuunoa ulimi. Huko, tarehe sita Januari, sikukuu ya Mamajusi, mama mwenye nyumba alioka keki yenye haragwe moja ndani. Aliyelikuta kwenye kipande chake alivikwa taji la karatasi, akawa mfalme wa siku. Rosaline alirudi nyumbani na desturi hiyo.

Alifundisha katika shule ya wasichana Bungoma tangu 1974 hadi alipostaafu 2003. Aliambiwa Kifaransa hakitamlisha mtu huku, naye akaomba vipindi zaidi. Wasichana walipenda zaidi somo la mapinduzi, Wafaransa walipomwondoa mfalme wao, na hata hiyo keki ikabadilishwa jina ikaitwa keki ya usawa.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Zachary Kibe. Januari iliyofuata aliwaokea wakwe keki yake. Mama mkwe alichungulia unga uliokorogwa, akamhurumia bibi arusi. "Ati haragwe moja kwa watu wote hawa? Hata githeri ya maskini haikosi maharagwe kwenye mahindi yake hivi." Rosaline alipompa kisogo, mama akamwagia humo bakuli zima la maharagwe yaliyochemshwa. Jioni hiyo kila aliyekula alikuwa mfalme, na mataji hayakutosha. Rosaline alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho kilimfaa Januari 2008, nyumba yao ya Kachibora ilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi na familia ikajikuta kambini Kitale. Jumapili ya tarehe sita aliomba unga, akaoka kwa sufuria, makaa juu ya kifuniko. Mzee mmoja alimkemea kwamba huo si wakati wa keki. Rosaline hakuinua sauti. "Si wamesema sisi si watu? Basi leo hapa kila mtu ni mfalme." Alikuwa ametia maharagwe tele. Mzee alikula, akalia waziwazi.

Mwezi wa tano alirudi Kachibora, wengine walipokuwa wakiuza mashamba. Jirani yake Chelimo alikuja na jembe, wakapanda maharagwe kabla nyumba haijapata paa.

Saratani ya tumbo iligunduliwa mapema 2009. Ndugu walishauri azikwe Nyeri, kwenye usalama, na mzee Zachary akaanza kusita. Rosaline alimwita yeye na binti yao Bilha kitandani. "Mnizike hapa, karibu na jiko. Nilifukuzwa mara moja, hiyo inatosha." Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Oktoba 2009. Uchungu wa kumpoteza ni mkubwa, na hatutausema kwa upole.

Ameacha mume wake Zachary, watoto wake Bilha na Ngige, wajukuu watano, na wanafunzi wasio na idadi. Baada ya mazishi kuna keki. Tafuneni polepole, kila kipande kina haragwe.

Apumzike kwa amani, na apumzike hapa hapa.