Mzee Hezekiah Shikanga, Aliyekataa Kukatwa Mguu

Leo tunamzika babu yetu, Mzee Hezekiah Shikanga, aliyezaliwa mwaka 1931 karibu na Khayega, kwetu Isukha, mtoto wa tatu wa marehemu Mama Awinja.

Shule aliishia darasa la nne. Mwalimu alimchapa kwa kuchelewa, naye akainyakua fimbo, akaivunja na kumrudishia vipande. Hakurudi tena.

Alikata miwa miaka mingi, lakini watu walimjua kwa mafahali wa kupigana. Mwaka 1956 alimwoa bibi yetu, Muhonja, kanisani, akaja na damu kwenye shati jeupe. Bibi akamuuliza, "Umechinja ama umechinjwa?"

"Tumeshinda," akajibu.

Tarehe 26 Desemba 1992, fahali wake, Radi, alimchoma mwenzake shingoni. Yule aligeuka kukimbia, akamkanyaga babu. Waliokuwa karibu walisikia goti likipasuka kama muwa. Mwaka 1994 mwanawe Willis alimpeleka Nairobi, akawekewa goti la chuma. Akarudi mbele ya mafahali, akiruka na kuwatukana mafahali wa watu wengine.

Mwaka 1996 goti lilivimba, likawaka moto. Babu alikuwanga akitumbua majipu ya mafahali kwa kisu kilichopitishwa motoni, basi naye akajitumbua vilevile. "Ngozi ni ngozi," alimwambia bibi. Usaha uliruka mpaka ukutani. Akafunga kitambaa, akaenda uwanjani. Alipokubali kurudishwa hospitali, uchafu ulikuwa umeshika chuma chote.

Mwaka 1997 madaktari waling'oa kile chuma, wakakwangua mfupa uliooza, wakajaza simiti ya mifupa iliyochanganywa na dawa, ili usaha ukikauka awekewe chuma kipya. Haukukauka. Walipofungua tena, mfupa ulikuwa umeliwa juu na chini, hakuna pa kushikilia chuma kingine.

"Mzee, tukate juu ya goti, upone," daktari akasema.

"Anza na shingo," babu akamjibu.

Bibi akamwambia, "Baba Willis, ukikatwa nitakubeba hata kwa mgongo. Ukifa nitabeba nini?"

"Mwanaume wa Isukha hazikwi nusu."

Bibi alilia, akamtukana, akamnyima hata obusuma, ugali wetu, siku hiyo. Babu hakugeuza nia, akarudi nyumbani na mguu wake.

Usaha uliingia kwenye damu. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akampiga ngumi kila aliyemshika, akidhani ni fahali. Alikata roho nyumbani tarehe 14 Agosti 1998.

Ameacha mjane wake Muhonja, watoto Willis, Pascalia na Sellah, na wajukuu. Mafahali watapitishwa kaburini jioni hii, kama desturi yetu ilivyo.

Jana jeneza lilipofunguliwa, bibi aliushika ule mguu mbovu, akauzaba kofi mbele ya watu wote. "Umeniulia mume," akauambia, "na bado unalala naye."

Mungu amlaze babu yetu kwa amani.